Barabara ya mtaa hufa siku shamba linapokatwa viwanja, halmashauri inakuja kuizika tu

njiapanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikisoma nyuzi za humu kuhusu urasimishaji, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa kiholela ili watu wapate hati, naona lawama ni ile ile: halmashauri imekuja na mchoro, barabara imepita kwenye ukuta wangu, nimeonewa. Anayefuata analia kinyume chake, kwamba mtaa wao hauna njia, gari linaishia kwa jirani wa tatu, na halmashauri imelala. Mimi nimo kwenye kamati ya urasimishaji ya mtaa mmoja huku wilaya ya Ubungo. Jina la mtaa naliacha, maana kuna majirani bado hatusalimiani vizuri. Kwa nilichokiona, hizo lawama mbili ni kesi moja, na mshtakiwa wa kwanza hayupo kwenye ofisi yoyote ya serikali.

Twende na hesabu kwanza. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, ile tunayoita hatua 70 kwa 70. Mzee ana shamba lake la mihogo na miembe, watoto wanataka hela, dalali anakuja. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Ukikata ekari nzima bila kuacha kitu unapata viwanja kumi, zinabaki mita za mraba 47 ambazo hazitoshi hata banda la kuku la maana. Sasa weka barabara ya mita 6 ikate shamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Shamba likiwa mraba, urefu wake ni kama mita 64, na barabara inakula mita za mraba 380 na kitu. Yaani kiwanja kimoja. Umbo la shamba likiwa baya unapoteza zaidi kidogo, lakini kwa eneo hesabu ndiyo hiyo: viwanja tisa na barabara, au viwanja kumi na uchochoro.

Tuseme kiwanja kinauzwa milioni 8. Viwanja kumi ni milioni 80. Ili mzee apate milioni 80 ile ile kwa viwanja tisa, kila mnunuzi anaongeza kama laki 8 na 90 elfu. Hiyo ndiyo bei ya barabara ya mita 6, pesa isiyofika hata bei ya geti zuri la chuma. Hatuitoi siku hiyo, halafu miaka kumi baadaye tunakuja kuilipa kwa kuvunja ukuta, kuhamisha shimo la choo na kununiana na watu tunaozikana nao.

Na msiseme sheria haikuwepo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeipa halmashauri mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na kugawa ardhi vipande vipande ndani ya eneo la mipango miji kunataka kibali chake. Ila nani anakwenda kuomba kibali cha kugawa shamba ambalo halijapimwa? Muuzaji ana karatasi ya baba yake. Mnunuzi anaandikiwa hati ya mauziano serikali ya mtaa, mashahidi wanasaini, mwenyekiti anagonga mhuri na kuchukua asilimia 10 yake, jambo ambalo serikali imelikemea mara nyingi na bado lipo. Pale mezani hakuna hata mtu mmoja mwenye kazi ya kuuliza: barabara iko wapi? Hati inaandikwa "kaskazini umepakana na njia", na hiyo njia haina upana wala mwenyewe. Mwaka unaofuata wa kaskazini anasogeza ukuta futi mbili, wa kusini naye anasogeza mbili ili asionekane mjinga.

Mtaa wetu ulianza hivyo. Leo kuna sehemu bajaji mbili haziwezi kupishana, moja inarudi nyuma mpaka dukani. Tulipoanza urasimishaji, mpima alituonyesha picha ya anga ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashamba matupu, na katikati kuna njia pana ya mkokoteni inayoshuka mpaka bondeni. Ipo wazi kabisa kwenye picha. Sasa hivi juu yake kuna nyumba saba na kanisa.

Wajuzi mje mnirekebishe, na wenye kisa tofauti mlete.

Shangazi wa Kivule

Umesema kweli tupu. Mimi nitakuambia barabara mnaijua lini: siku choo kimejaa. Gari la kunyonya limefika, limesimama kwa mama lishe mwanzo wa mtaa, haliingii. Vijana wanaanza kuunganisha mipira, kipande kwa kipande, inapita uani kwa watu, chini ya kamba za nguo, inakatisha mlango wa jirani anayekaanga maandazi. Kila mpira unaoongezwa na bei inaongezeka. Halafu kiungo kimoja kinavuja. Hapo ndipo mama wa maandazi alipotoa maneno ambayo siwezi kuyaandika humu.

Na msiba je? Jeneza linapitishwa juu juu, wabebaji wanageuka kwa ubavu kwenye kona. Lakini waite hao hao kwenye mkutano wa kuongeza njia, hakuna anayekuja.

dalali mstaarabu

Mimi kazi yangu ni hiyo na sioni aibu. Njiapanda, hesabu yako ni nzuri kwenye karatasi, njoo nayo saiti. Mteja anafika na milioni 8 aliyokopa Saccos. Wewe una kiwanja cha milioni 8 na laki 9 chenye barabara ya mita 6, mimi jirani yako ninacho cha milioni 8 chenye njia ya futi kumi. Anakwenda kwa nani? Anakuja kwangu, na wewe kiwanja chako kinaota majani. Nimewahi kuuza shamba likiwa na barabara mbili nzuri zimewekewa vigingi. Wanunuzi wa kwanza ndio walionifuata kunishawishi niwauzie kile kipande cha barabara "maana hakitumiki". Msimlaumu dalali kama vile mnunuzi ni malaika.

Halafu mnasema kibali cha halmashauri. Mzee wa watu anauza kipande amlipie mtoto ada mwezi huu. Umwambie aajiri mtaalamu wa mipango miji achore, mchoro upelekwe vikao, urudi na marekebisho, uende ofisi ya ardhi ya mkoa? Mtoto atakuwa amemaliza chuo.

njiapanda

Dalali, hoja ya pili nakupa. Utaratibu ni mrefu kwa mtu mwenye ekari moja, na ndiyo maana unarukwa. Hapo halmashauri wana la kujibu. Kama mpango wa jumla wa eneo ungechorwa mapema, wakati bado ni mashamba, ukaonyesha barabara kubwa tu zinapita wapi, mzee angekata vipande vyake kuufuata na mengine yangerekebishika.

Na nchi hii imewahi kutangulia. Sinza ilichorwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja vyenye huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: viwanja vidogo kwa watu wa kipato cha kawaida, na barabara zikaachwa. Tandale ni jirani yake. Tembea Sinza leo, pamoja na fremu na baa zote zilizosongamana, gari la taka linafika karibu kila nyumba. Vuka uingie Tandale uone. Kariakoo nayo, ukiondoa vurugu za biashara, zile kona zake zilizonyooka zimetokana na ramani ya enzi za Mjerumani. Waliopanga Kariakoo hawakuwahi kuota ghorofa kumi, lakini mitaa imezibeba kwa sababu ilitangulia kuwepo.

Kuanzia 2002 tena ukaja Mradi wa Viwanja 20,000. Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Gezaulole, Buyuni, Mwanagati. Viwanja vikazidi hata idadi iliyolengwa. Ila jiji halikuwasubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao wamenunua kwako wewe dalali.

BikoniYaZege

Mimi ni mpima, nimefanya urasimishaji mitaa kadhaa Dar na Pwani. Niwaeleze mchoro unavyozaliwa, maana watu wanadhani kuna bosi amekaa ofisini anachagua nani wa kubomolewa.

Tunaanza na picha ya anga, siku hizi tunarusha droni. Tunachora kila ukuta, kila nyumba, kila choo. Kisha mtu wa mipango miji anatafuta wapi njia inaweza kupita kwa kuvunja kidogo iwezekanavyo. Hapo ndipo utagundua kwamba kwenye urasimishaji barabara haifuati mahali inapotakiwa, inafuata mahali palipobaki. Kukiwa na mwenye nyumba kulia na mwenye kiwanja kitupu kushoto, mstari utaelemea kushoto. Mwenye kiwanja kitupu hana cha kubomolewa, na mara nyingi hayupo kwenye mkutano. Nimechora mistari ya namna hiyo. Kitaalamu inatetewa kirahisi, kibinadamu siipendi.

Upana nao ni wa kubembeleza. Tunaingia na mita 6, tunatoka na 4, na mahali pengine tunaandika njia ya waenda kwa miguu ya mita mbili na nusu kwa sababu pande zote mbili kuna nyumba za watu na hakuna anayetaka damu imwagike. Barabara ikiisha bila kutokea upande wa pili tunajitahidi kuweka sehemu ya gari kugeuzia. Hiyo ya kugeuzia ndiyo ya kwanza kupandwa mchicha.

Mchoro ukikamilika unabandikwa ofisi ya mtaa, wananchi wanaupitia, mkutano unaurudia, unakwenda Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri, kisha ngazi ya wizara ambayo siku hizi ipo mikoani. Ukishaidhinishwa ndipo tunapima na kupanda bikoni, yaani zile alama za zege za mipaka, ramani ya upimaji inapitishwa, na hati zinaanza kuandaliwa. Mtu anayekuja kulalamika wakati tunapanda bikoni amechelewa hatua zote za maana.

njiapanda

BikoniYaZege umenifungulia mlango wa jambo lililonifanya nianzishe uzi huu, yaani ile karatasi ya mahudhurio.

Kwenye mkutano wetu wa mtaa ilipitishwa karatasi yenye safu nne: namba, jina, simu, sahihi. Watu wakasaini kama wanavyosaini popote, wengine wakidhani ni ya kugawia soda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari, kurasa zilizofuata hazikuwa na kichwa chochote, mistari tu ya kalamu. Baadaye karatasi zile ziliambatanishwa nyuma ya muhtasari uliosema wananchi wote waliohudhuria wameridhia mchoro na wametoa ardhi yao kwa hiari kwa ajili ya barabara. Wote! Mimi nilikuwepo, nakumbuka mzee mmoja alisimama akapinga mpaka sauti ikamkauka. Kwenye muhtasari upinzani wake umekuwa "wananchi waliomba ufafanuzi na wakapewa".

Simtaji mtu wala kampuni. Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri kwa kiasi chake, mimi niliuunga mkono na bado nauunga mkono. Lakini barabara iliyopatikana namna hiyo inakuja na kinyongo, na kinyongo kinajenga ukuta usiku. Kamati yetu ilidai muhtasari uandikwe upya, kila mwenye eneo linaloguswa asaini fomu yake mwenyewe, yenye mchoro mdogo unaoonyesha anatoa mita ngapi na upande gani. Ilichukua miezi. Wapo waliokataa kabisa, mstari ukasogezwa. Wapo ambao hawakuukataa mstari wenyewe, ila walitaka jirani wa ng'ambo naye atoe sawa na wao. Hilo la usawa ndilo limevunja ugumu wa watu wengi kuliko hotuba zote. Mtu hakatai mita moja na nusu. Anakataa kutoa mita tatu huku wa mbele yake, ambaye shemeji yake yupo kwenye kamati, hatoi kitu.

Mwanasheria Mlalahoi

Naona watu wanachanganya mambo matatu kwenye fidia, niyatenge haraka.

Urasimishaji upo kwenye Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, vifungu vya 56 hadi 60. Kinachofanyika mitaani ni wakazi kutoa ardhi kwa makubaliano ili wapate njia na hati. Mara nyingi hakuna fidia, ndiyo maana hiyo ridhaa anayoisema njiapanda ni kitu kikubwa. Ukiondoa ridhaa, msingi wote unatikisika.

Pili ni serikali kutwaa ardhi yako kwa ajili ya mradi wa umma. Hapo ipo Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na Sheria ya Ardhi inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Wakikuita kusaini fomu ya uthamini, hakikisha migomba na ukuta vyote vimehesabiwa kabla kalamu haijagusa karatasi.

Tatu ni hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, ambayo haihusiani na mchoro wa mtaa wenu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani kila upande ukaongezeka mita 7.5. Ndiyo asili ya zile X mbili zinazopakwa kwenye nyumba: nyekundu kwa aliyeifuata barabara, kijani kwa aliyefuatwa na barabara. Wa kijani analipwa. Mtu anaona X nyekundu kando ya barabara kuu anakimbilia kumtukana diwani, wakati hilo ni la TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara za mitaani na wilayani zipo chini ya wakala mwingine, TARURA, tangu 2017.

Na mkigombana mipaka, Baraza la Kata tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Kesi yenyewe inaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

mtu wa Juja

Majirani, huku Kenya msidhani tuko mbinguni. Ploti yetu ya 50 kwa 100 ndiyo 20 kwa 20 yenu. Kampuni ya kununua mashamba inachukua ekari mia, inakata, inachora barabara za mita 9 kwenye ramani, watu wanapewa hati, kila kitu kinang'aa. Kwa sheria hiyo barabara huachiwa kaunti wakati wa kukata shamba, inakuwa ya umma. Halafu unaenda kwa ploti unapata barabara imelimwa mahindi, na aliyelima anakuambia alikuwa hapo kabla ya kampuni. Kwa hivyo hata ukichora kwanza, mtu akikosa kusimamia, kanjo, yaani askari wa kaunti, atakuja tu siku ya kubomoa.

Lakini hii ya kusaini ridhaa kwa karatasi ya soda, hapana. Hiyo mmetushinda.

dalali mstaarabu

Mtu wa Juja umenisaidia. Barabara ya kwenye ramani bila mtu wa kuilinda ni shamba la mahindi.

mzawa wa Area C

Dodoma tulikuwa na CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, kuanzia 1973 hadi ilipovunjwa 2017, shughuli zikapelekwa kwenye halmashauri. Mitaa ya kwetu imenyooka, barabara pana, huwezi kufananisha na Dar. Ila kupanga hakukumaliza migogoro: ploti moja watu wawili, kila mmoja na barua yake halali mkononi, na wenyeji wa asili waliokuta mashamba yao yamegeuka vitalu. Ninachowaambia ni kwamba ramani nzuri juu ya ardhi ambayo mwenyewe hajamalizwa ni deni. Litalipwa tu.

yupo Muscat

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nafanya kazi huku Oman, nina kiwanja changu Madale nilinunua kwa jasho, sijajenga. Mtoto wa mama mdogo amenitumia picha ya mchoro uliobandikwa ofisi ya mtaa. Barabara imekula karibu nusu ya kiwanja changu, na jirani mwenye nyumba hakuguswa hata tofali. Mimi ndiye yule wa kushoto anayemsema BikoniYaZege. Sikuitwa mkutano wowote. Nifanye nini kutoka huku?

BikoniYaZege

Kwanza jua mchoro upo hatua gani. Kama umebandikwa na bado wanapokea maoni, una nafasi kubwa. Angalia kwenye pembe ya mchoro kama kuna sahihi na mihuri ya kuidhinishwa. Kama kuna nafasi tupu, bado haujapita. Mtumie ndugu yako picha ya hati yako ya mauziano na vipimo, aende ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize kwa jina la mtaa na kitalu. Asiishie kwa mwenyekiti.

njiapanda

Waaleikum salaam mkuu. Pamoja na aliyosema mpima, andika barua yako ya pingamizi kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisa mipango miji, kwa mtendaji wa mtaa na kwa kamati ya urasimishaji. Ndugu yako akaipeleke mkononi na agongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Barua ya WhatsApp kwa mwenyekiti si barua. Ndani ya barua usiseme "nimeonewa" tu. Sema unakubali kutoa mita ngapi, upande upi, na udai jirani wa ng'ambo achangie. Kamati inayopokea pendekezo lenye vipimo inalazimika kulijadili. Inayopokea malalamiko matupu inaandika "alipewa ufafanuzi".

Na mpe ndugu yako uwakilishi wa maandishi wenye nguvu ya kisheria, muulize Mwanasheria hapo juu au ubalozi wa huko namna ya kuuthibitisha. Wakikuambia ridhaa yako ipo, omba kuiona sahihi.

Shangazi wa Kivule

Na sisi tuliokwisha kosa kila kitu? Njia yetu imepitishwa mita 4, bikoni zipo, hati zimeanza kutoka. Jamaa mmoja kajenga karo la choo katikati ya hizo mita 4, mfuniko uko juu tunauruka kama watoto wanaocheza. Mwenyekiti anasema "tuongee naye kibinadamu". Tumeongea naye kibinadamu mpaka kibinadamu kimekwisha.

njiapanda

Shangazi, nyie mmeshika karata nzuri kuliko mnavyodhani. Njia ikishakuwa kwenye mchoro ulioidhinishwa na bikoni zimepandwa, si suala la ujirani tena. Hapo jamaa hana haki ya kuuza wala kujenga, na mwenyekiti hana mamlaka ya kusamehe. Andikeni barua ya wakazi, wengi kadiri mnavyoweza, ambatanisheni nakala ya ramani ya upimaji inayoonyesha njia na picha ya karo. Ombeni halmashauri itoe notisi ya kusimamisha na kuondoa. Nakala mpe diwani, maana yeye ndiye anayeketi kwenye Baraza la Madiwani na wanakutana kila robo mwaka. Mkutano wa Baraza ni wa wazi, mnaweza kwenda kukaa nyuma mkasikiliza kama swali lenu limeulizwa. Sisi tulikwenda wakazi kama kumi, tukakaa kimya tu. Diwani wetu alipotuona aliuliza swali ambalo alikuwa amelikalia tangu kikao kilichopita.

Halafu nendeni TARURA wilayani muulize kama njia yenu imo kwenye orodha ya barabara zao. Kama haimo, ombeni iingizwe. Greda haliletwi na hasira.

dalali mstaarabu

Swali la mwisho kabla sijalala. Tuseme nimewakubalia, nimekata ekari na nimeacha mita 6. Nani anakuwa mwenye hizo mita 6 kabla halmashauri haijachora chochote? Mzee akifa, watoto wakaja kuziuza?

Mwanasheria Mlalahoi

Swali zuri, na ndilo linaloua njia nyingi. Usiziache hewani. Kila hati ya mauziano iandikwe vipimo vya barabara, si neno "njia" tu, na iambatane na mchoro mmoja ule ule unaosainiwa na muuzaji, wanafamilia wake na wanunuzi wote. Muuzaji atamke kwenye hati kwamba kipande hicho hakiuzwi na kimeachwa kwa matumizi ya wote. Pandeni vigingi vya zege siku ile ile. Mchoro huo haugeuki kuwa mpango wa halmashauri, lakini watoto wakija watakuta sahihi za baba yao na zao wenyewe, na mbele ya Baraza la Ardhi huo ni ushahidi wa kutosha kuwapa kazi ngumu. Siku wapima wakija na droni wataikuta njia ipo ardhini na ipo kwenye karatasi, na mstari wao utapita humo humo.

dalali mstaarabu

Na gharama ya kuandaa hizo hati kumi zenye michoro analipa nani?

Mwanasheria Mlalahoi

Tisa, mkuu. Umeshaacha barabara.